ALESSANDRO VOLTA NA KIBABA CHA UMEME

Kila mwenye stima nyumbani kwake hulitaja jina la mtu huyu, ajue asijue. Volti, kipimo cha msukumo wa umeme, imepewa jina la Alessandro Volta, Mtaliani aliyezaliwa mjini Como tarehe 18 Februari 1745.

Mwaka huohuo Mjerumani Ewald von Kleist aligundua kwamba chupa yaweza kuweka akiba ya umeme. Lakini kuweka ni jambo moja, kupima ni jingine. Mnamo 1778 Volta alieleza kuwa wingi wa umeme na msukumo wake si kitu kimoja.

Msomaji wa Madogo aweza kulifahamu jambo hili hapo mtoni Tana. Chota kata kumi za maji, uzitie katika mtungi mwembamba: maji yatapanda juu. Zimimine kata hizohizo katika karai pana: yatafunika chini tu. Maji ni yaleyale, kimo ndicho kilichobadilika. Basi wingi wa maji ndio chaji, kimo ndicho volti, na upana wa chombo ndio uwezo wa kapasita. Zidisha uwezo kwa volti, utapata chaji.

Kwa ujuzi huo, mwaka 1782 Volta alitangaza chombo cha kuonyesha umeme hafifu. Bamba la chuma likikaribiana na jingine, uwezo huwa mkubwa, na chaji nyingi huingia kwa volti chache. Akilinyanyua bamba, uwezo hupungua. Chaji haina pa kwenda, volti hupanda, na kilichofichika huonekana.

Mwaka 1800 alitangaza betri yake. Mwaka uliofuata aliionyesha Paris mbele ya Napoleon, ambaye mwaka 1810 alimpa cheo cha ukabaila. Alifariki Como tarehe 5 Machi 1827, na mwaka 1881 wataalamu waliokutana Paris wakaliidhinisha jina la volti.

Somo lake lingali na faida, hata kwa kijana anayejifunza kutengeneza televisheni. Chombo kikizimwa, kapasita yaweza kubaki na chaji ya kumuua mtu. Kuzima si kumwaga. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Volta alitufunza kuuliza pia kibaba chenyewe kina ukubwa gani.