Francis Bannerman, mnunuzi wa bunduki kuukuu aliyejenga ngome kisiwani

Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 inasema kuwa bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo ni kitu cha kale. Ndiyo maana wapo Wamarekani wengi wanaokusanya bunduki za jeshi lao za mwishoni mwa karne ya 19, wakazitundika ukutani, wakazipaka mafuta na kubishana usiku kucha juu ya skrubu moja. Ukiwauliza bunduki hizo zilipitia wapi kabla ya kuwafikia, jina moja halikosekani. Ni jina la Francis Bannerman wa New York, na leo tunamtazama mtu huyu aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Bannerman alizaliwa mwaka 1851 mjini Dundee, Scotland. Jina la ukoo wao maana yake ni mbeba bendera, na kwao kila kifungua mimba wa kiume aliitwa Francis. Yeye alikuwa wa sita. Alikuwa mtoto wa miaka mitatu familia ilipohamia Marekani, na baadaye ikakaa Brooklyn, karibu na kituo cha jeshi la majini.

Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza na baba yake akajiunga na jeshi la majini la upande wa Kaskazini. Francis aliacha shule akiwa na miaka 10 hivi ili aisaidie familia. Asubuhi aliwauzia mabaharia magazeti. Baada ya hapo alichukua kulabu na kuburuza chini ya maji bandarini, akivua vipande vya kamba na minyororo iliyoanguka kutoka melini, kisha akaviuza kwa wanunuzi wa vitu chakavu. Wasikilizaji wetu wanaowajua vijana wanaopita na magunia wakiulizia vyuma watamwelewa mtoto huyu bila maelezo marefu.

Vita vilipokwisha mwaka 1865, serikali ilibaki na milima ya bunduki, matandiko ya farasi, panga, mikoba na sare, ikaanza kuviuza kwa mnada. Wengi waliokwenda mnadani walikuwa watu wa chuma chakavu. Bunduki kwao ilikuwa uzito tu: mti wa kitako unachomwa, chuma kinayeyushwa. Bannerman na baba yake nao walikuwa wanunuzi wa vitu chakavu, lakini kijana aliona jambo ambalo wenzake hawakuliona. Bunduki nzima inaweza kuuzwa kwa bei kubwa kuliko chuma chake. Yupo atakayeitaka kwa kuwinda, yupo wa kuchezea maigizo, yupo mchoraji anayetaka kuichora ilivyo, na yupo askari mstaafu anayetaka kuiweka nyumbani kwa kumbukumbu. Biashara yake yote ilisimama juu ya wazo hilo.

Hapa tueleze kidogo bunduki zenyewe. Askari wengi wa vita vile walipigana na bunduki za kupakia mdomoni, ndugu wa gobori tunazozifahamu: unamimina baruti, unatia risasi, unashindilia kwa mdeki. Mwaka 1865 Erskine Allin, fundi mkuu wa kiwanda cha serikali cha Springfield, Massachusetts, alipata njia ya kuzigeuza badala ya kuzitupa. Alikata sehemu ya nyuma ya mtutu akaweka kifuniko chenye bawaba. Askari anainua kifuniko, anaingiza risasi yenye ganda, anafunga na kufyatua. Baadaye zilitengenezwa mpya kwa mtindo huohuo, na ile ya mwaka 1873 ndiyo inayosakwa zaidi na wakusanyaji. Kwa jumla zilitengenezwa zaidi ya laki tano.

Kilichofuata kilikuwa bahati ya Bannerman. Mwaka 1892 jeshi lilichagua bunduki mpya aina ya Krag-Jørgensen, iliyobuniwa Norway, yenye kubeba risasi tano na kutumia baruti isiyotoa moshi mwingi. Mwaka 1903 ikachaguliwa nyingine tena. Kila jeshi lilipobadilisha silaha, za zamani zilikwenda mnadani, na Bannerman alikuwapo. Orodha yake ya bidhaa, kitabu chenye picha kilichotumwa kwa posta, ilikua mwaka hadi mwaka mpaka kupita kurasa 300. Mkulima wa mbali aliweza kuagiza bunduki ya jeshi kwa dola chache, pamoja na singe na mkoba wake. Leo vitabu hivyo navyo vinakusanywa, kwa sababu vinaonyesha nini kiliuzwa na lini.

Shehena yake kubwa kuliko zote ilitokana na vita vya Marekani na Hispania vya mwaka 1898. Wamarekani wengi wa kujitolea walikwenda Cuba na zile za kifuniko, na kila walipopiga, wingu la moshi liliwaonyesha kwa Wahispania waliokuwa na Mauser. Hata hivyo Hispania ilishindwa. Silaha zilizotekwa zilipouzwa, inaelezwa kwamba Bannerman alinunua takriban asilimia 90 yake, zikiwemo risasi kwa mamilioni.

Risasi na baruti kwa wingi huo haziwezi kuwekwa katikati ya jiji, na sheria za New York zilikataza. Mwanawe David aliona kisiwa kidogo cha Pollepel katika mto Hudson, kiasi cha kilomita 80 kaskazini mwa jiji, na mwaka 1900 Bannerman akakinunua. Mwenye kisiwa aliweka sharti kwamba pombe isiuzwe pale. Sharti hilo halikumsumbua Bannerman, Mpresbiteri mshika dini. Kuanzia mwaka 1901 alijenga maghala yenye minara kama ngome za Scotland, akiyachora mwenyewe, na ukutani akaandika kwa herufi kubwa kuwa ile ni ghala ya silaha ya kisiwa cha Bannerman. Ilikuwa ghala na tangazo la biashara kwa wakati mmoja, maana meli na treni zote zilipita hapo.

Je, alikuwa mfanyabiashara wa vita? Swali hilo aliulizwa enzi zake. Katika orodha zake alieleza kuwa hawauzii watoto silaha, wala mtu wanayemshuku kuwa atahatarisha usalama wa umma. Pia aliandika kwamba anatumaini siku moja mkusanyiko wake utaitwa makumbusho ya sanaa zilizopotea, yaani vita vyenyewe viwe vimesahaulika. Sisi tunaamini alikuwa mkweli katika tumaini hilo. Lakini huyohuyo aliuza zana kwa majeshi ya nchi nyingine, na faida yake ilitegemea vita vipya vya kumletea mizigo mipya.

Kwa wakusanyaji lipo jambo lingine, na hapo ndipo sifa zake zinapochanganyika na lawama. Bannerman aliokoa maelfu ya bunduki zisiyeyushwe. Lakini dukani kwake, kama kwa wauzaji wengine wa ziada za jeshi, bunduki haikuwa kitu kitakatifu. Palipokuwa na mitutu bila vitako na vitako bila mitutu, mafundi waliunganisha. Ndefu zilikatwa zikawa fupi kwa ajili ya gwaride la vijana au wanunuzi waliotaka nyepesi. Wakati ule hakuna aliyejali. Leo hilo ni suala la fedha nyingi.

Chukua mfano wa bunduki fupi ya askari wa farasi ya mwaka 1873. Ndiyo waliyokuwa nayo askari wa George Custer tarehe 25 Juni 1876, walipokutana na wapiganaji wa Lakota na Cheyenne kwenye mto Little Bighorn, na Custer na zaidi ya askari 200 wakauawa. Bunduki fupi halisi iliyotengenezwa kabla ya siku ile ina thamani kubwa mno, kwa hiyo ndefu iliyokatwa huuzwa kama fupi halisi. Mkusanyaji makini hupima mtutu, ambao kwa halisi ni kama sentimita 56. Kisha huisoma namba aone kama inalingana na miaka hiyo. Halafu huigeuza na kutazama mti chini ya mtutu. Bunduki ndefu ilikuwa na mfereji wa kubebea mdeki. Fupi halisi haikuwa nao. Akikuta mfereji umezibwa kwa kipande cha mti, hata kama kimesawazishwa na kupakwa rangi vizuri namna gani, anairudisha mezani na kumshukuru muuzaji.

Bannerman alifariki Novemba 26, 1918, siku 15 tu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kusimama. Ujenzi kisiwani ulikoma naye. Mjane wake Helen, waliyeoana Ireland mwaka 1872, na wana wao walibaki na biashara na baruti yake. Agosti 1920 tani zipatazo 200 za makombora na baruti zililipuka. Sehemu ya majengo ilisambaratika na kipande cha ukuta kiliruka maji kikaangukia reli ng'ambo na kuziba njia.

Duka la barabara ya Broadway liliendelea kwa miongo mingi, na watu wazima wa leo wapo waliotembezwa humo na baba zao wakiwa wadogo. Jimbo la New York lilinunua kisiwa mwaka 1967, baada ya silaha kuondolewa. Mwaka 1969 moto uliunguza paa na sakafu zote, na mwishoni mwa mwaka 2009 sehemu kubwa ya kuta ikaporomoka. Zilizobaki zimeegemezwa kwa vyuma zisianguke. Majira ya joto wageni hupelekwa kwa boti, na kutoka mtoni jina la Bannerman bado linasomeka ukutani.