Crummell: Kasisi mweusi aliyekataa sharti la askofu

ALEXANDER Crummell alizaliwa New York, Marekani, mwaka 1819, akiwa mtoto huru katika nchi ambayo zaidi ya watu milioni moja wa rangi yake walikuwa watumwa. Baba yake, Boston Crummell, alitekwa Afrika Magharibi akiwa mdogo na kuuzwa ng'ambo.

Elimu aliitafuta kwa jasho. Mwaka 1835 alikwenda Canaan, jimbo la New Hampshire, kujiunga na Noyes Academy, shule iliyopokea weusi kwa weupe. Haikudumu. Wenyeji waliochukizwa na mchanganyiko huo walifunga maksai kwenye jengo la shule, wakaling'oa na kulikokota mbali. Crummell na wenzake walilazimika kuondoka.

Hata Kanisa la Kiepiskopali, yaani Waanglikana wa Marekani, halikumfungulia mlango kirahisi. Mwaka 1839 seminari yake ya New York ilimkataa kwa sababu ya rangi. Alisomea kando, akawa shemasi mwaka 1842 na kasisi mwaka 1844.

Jaribu kubwa lilimkuta Philadelphia. Askofu Henry Onderdonk alikubali kumpokea, ila kwa sharti kwamba kasisi mweusi asidai kamwe kiti katika mkutano wa dayosisi. Kwa kijana fukara, kukubali kungekuwa nafuu. Crummell alikataa.

Mwaka 1848 alivuka bahari hadi Uingereza kuchangisha fedha za kujenga kanisa la waumini wake wa New York. Wapinzani wa utumwa walimsaidia kusoma Queens' College, Cambridge, akahitimu mwaka 1853. Badala ya kurudi nyumbani alielekea Liberia, iliyokuwa na miaka sita tu ya uhuru.

Huko alikaa karibu miaka 20 akiwa mmisionari na mwalimu, akifundisha pia Liberia College alikokuwapo Edward Blyden. Ni kipindi hiki kinachozua mjadala hadi leo. Mtetezi huyo wa heshima ya mtu mweusi hakuzithamini lugha na mila za Waafrika aliowahubiria. Katika hotuba ya mwaka 1860 alikisifu Kiingereza kuwa neema kwa Liberia. Kwa msomaji wa Kiswahili, hoja hiyo haimezeki.

Siasa za Liberia, zilizowagawa walowezi weusi na machotara, zilimchosha. Rais Edward Roye alipinduliwa mwaka 1871. Mwaka uliofuata Crummell alirejea Marekani.

Mjini Washington alianzisha Kanisa la Mtakatifu Luka, lililofunguliwa mwaka 1879, akalihudumia hadi mwaka 1894. Machi 1897, akiwa na umri wa miaka 78, aliongoza kuundwa kwa American Negro Academy, jumuiya ya wasomi weusi. Alifariki dunia Septemba 1898 huko Red Bank, New Jersey. W.E.B. Du Bois, aliyerithi urais wa jumuiya hiyo, alimtengea sura nzima katika kitabu chake cha mwaka 1903, The Souls of Black Folk.