Richard Cabot: Daktari aliyetaka kujua kama msaada unasaidia kweli

Sisi tuliomaliza shule tukabaki mtaani tumeshazoea: uhalifu ukizidi, inaletwa semina ya vijana. Tunasikiliza, tunapewa soda, tunapigwa picha, mradi umeisha. Ulifaulu au ulichemsha? Hakuna anayerudi kuuliza. Ndiyo maana leo nawaletea maisha ya Richard Cabot.

Alizaliwa mwaka 1868 Brookline, Massachusetts, Marekani, kwenye ukoo wenye pesa zake. Akasoma Harvard, akawa daktari katika hospitali kubwa mjini Boston. Mwaka 1905 akaanzisha pale kazi ya ustawi wa jamii, maana aliona ukimpa maskini dawa halafu akarudi kwenye njaa ileile, umetwanga maji.

Jamaa hakuogopa ukweli. Mwaka 1912 alichapisha uchunguzi wa maiti 3,000, akilinganisha ugonjwa waliosema madaktari na ule uliokutwa mwilini. Kumbe mara nyingi walikosea!

Uzeeni akageukia uhalifu wa watoto. Akaanzisha mradi katika miji ya Cambridge na Somerville. Wavulana 506 wakapangwa wawili wawili waliofanana umri, familia na tabia. Kisha shilingi ikarushwa: mmoja asaidiwe, mwenzake aachwe kama alivyo. Waliosaidiwa walitembelewa nyumbani, wakapelekwa kwa madaktari, wakafundishwa masomo ya ziada, wakaenda kambi za likizo. Msaada ulianza 1939, mwaka huohuo Cabot akafariki. Ukaisha 1945.

Baadaye mtafiti Joan McCord akawatafuta wakiwa watu wazima, akatoa matokeo 1978. Wengi wa waliosaidiwa walisema mradi uliwafaa. Rekodi zikasema vingine: uhalifu wao haukuwa pungufu kuliko wa walioachwa. Tena kwenye ulevi, magonjwa ya akili na kufa mapema, waliosaidiwa ndio walikuwa na hali mbaya zaidi!

Wapo watakaosema mzee alishindwa. Mimi sikubali. Bila ile shilingi, watu wangesikiliza shukrani tu, na mradi ungeigwa kila mahali huku ukiumiza watoto. Nia njema peke yake haitoshi, lazima ipimwe, na wa kulinganisha nao wawepo.

Haya, mtaani kwenu kuna mradi gani wa vijana uliowahi kupimwa hivyo? Mwageni maoni hapo chini. Nawasilisha.