Luigi Broglio, Buda Aliyerusha Roketi Kutoka Maji ya Kenya: Modeli Yake Unaweza Kuiunda Hapa Isiolo

Wasee wa Isiolo, hii ni yenu. Kama uko kwa hii hobi ya kuunda modeli za roketi, unakata, unabandika, unapaka rangi mpaka kitu ya meza inakaa ile ya ukweli, najua yenye ulianza nayo. Saturn V, ile ilipeleka watu mwezini. Ama moja ya Elon Musk. Poa, hakuna mbaya. Lakini kuna roketi iliruka kutoka Kenya hii hii, na buda aliyeileta humsikii kwa stori za base. Anaitwa Luigi Broglio. Kabla ukate kadibodi, mjue kwanza.

Alizaliwa 1911 huko Mestre, karibu na Venice, Italia. Akasomea uinjinia Roma, akaingia jeshi la anga, na mambo yalipoharibika Italia 1943 akajiunga na wapiganaji waliokuwa wanawapinga Wajerumani. Vita ikaisha akarudi chuo kikuu kufunza. Profesa na jenerali kwa mwili mmoja, fikiria lecture ya huyo msee.

Shida yake ilikuwa hii: alitaka Italia ifike angani, na Italia haikuwa na roketi ya kufikisha setilaiti huko, wala mahali pazuri pa kuirushia. Mahali pazuri ni ikweta. Pale dunia inazunguka kuelekea mashariki kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa, so roketi ikiruka inapata msukumo wa bure kabla hata ichome mafuta yake yote. Na sisi ikweta tunaijua, si ni ile alama ya Nanyuki watalii hupigia picha?

Sasa utaniuliza mbona hakukuja Isiolo. Roketi inaenda ikiangusha vipande njiani. Mashariki yetu kuna Garbatulla, kuna Wajir, kuna watu na ngamia zao. Mashariki ya Ngomeni, kule juu ya Malindi, ni Bahari Hindi tupu. Hapo ndipo Broglio akachagua.

Na hapa ndipo watu wa modeli mtampenda, juu huyu mzee alijenga kama mtu wa mitumba. 1962 Italia iliingia mkataba na NASA (ile ya roketi, si ile ya siasa zetu): Marekani watoe roketi ya Scout na kufunza mafundi, Italia watoe setilaiti na mahali pa kurushia. Jukwaa la kwanza, Santa Rita, lilikuwa mtambo wa zamani wa kutafuta mafuta baharini. La pili, San Marco, lilitoka kwa vifaa vya jeshi la Marekani. Akayarekebisha, yakavutwa na meli mpaka Kenya, yakasimamishwa kwa miguu ya chuma kwenye mchanga wa bahari. Moja la kurushia, lingine la kuongozea. Kipande cha huku, kipande cha kule, kikashikana.

Tarehe 26 Aprili 1967, Scout ikaruka kutoka hapo na San Marco 2. Ilikuwa mara ya kwanza duniani setilaiti kurushwa kutoka jukwaa la baharini. Setilaiti yenyewe ilikuwa mpira wa sentimita 66, na ujanja wake ulikuwa wa Broglio mwenyewe: ganda la nje limeshikwa na mwili wa ndani kwa mikono inayonyumbuka. Hewa nyembamba ya juu ikisukuma ganda, mikono inapinda kidogo, na hiyo kupinda inapimwa. Unajua hewa ya huko juu ni nzito kiasi gani. Simple, lakini noma.

Ile kubwa ilikuja 12 Desemba 1970, Jamhuri Day. Setilaiti ya NASA ya kutafuta miale ya eksirei angani, ikarushwa na mafundi wa Broglio. Marekani walikuwa hawajawahi kurushiwa setilaiti yao na watu wa nchi nyingine. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo, akaiita Uhuru. Jina la Kiswahili kabisa. Ilisaidia kuonyesha Cygnus X-1, kitu ambacho wanasayansi walikuja kukubali ni shimo jeusi. Na juu mzunguko wake haukwenda mbali na ikweta, ilikuwa inapita huku kwetu mara kadhaa kwa siku, na hakuna mtu mtaani alikuwa anajua.

Twende kwa meza. Scout ya ukweli ilikuwa na karibu mita 23, na chini upana wa karibu mita 1. Ukipunguza mara 24, inakuwa karibu mita moja ya urefu na sentimita 4 za upana, yaani ile kadibodi ya ndani ya tishu inakutosha kabisa kwa hatua ya kwanza. Hatua ni nne, na za juu ni nyembamba, so kunja karatasi ngumu mwenyewe kwa hizo. Mapezi ni manne chini, kata kwa wembe, piga msasa kabla ya rangi. San Marco 2 kwa hiyo skeli ni kama bano kubwa. Miguu ya jukwaa, tumia vijiti vya mishikaki. Usiweke baruti yoyote ndani, hii ni ya kuangaliwa.

Kutoka 1967 mpaka 1988 setilaiti tisa zilienda juu kutoka hapo. Halafu kimya. Na mimi hapa simsifu Broglio bure: bahari ilikuwa yetu, jina Uhuru letu, lakini roketi ilikuwa ya Marekani na funguo za Italia. Setilaiti yetu wenyewe, Taifa-1, ilirushwa 2023 kutoka California. California! Na Ngomeni iko pale pale.

Broglio alikufa Januari 2001, akiwa na miaka 89. Kituo cha Malindi sai kina jina lake na bado kinafuatilia setilaiti za watu. Majukwaa pia yako, yanaliwa na chumvi. So kabla ushike brashi ya rangi, amua kwanza unaunda mwaka gani. 1970 ni chuma safi. Ya leo, tafuta rangi ya kutu.