Fransisko wa Asizi, mgonjwa aliyerudi nyumbani



Jina la Hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara umelisoma mara ngapi? Lililetwa bondeni kwetu na wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi, ambao ni wana wake. Wengi tunamjua Fransisko wa kwenye sanamu, yule wa ndege. Wachache wanajua kwamba alikuwa mgonjwa karibu maisha yake yote ya utu uzima, na wataalamu wengi wanadhani moja ya homa zake ni hii hii yetu ya Kilombero, malaria.

Alizaliwa Asizi, Italia, mwaka 1181 au 1182. Baba yake, Pietro di Bernardone, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, kwa hiyo kijana alikuwa na hela na sherehe hazikumpita. Mwaka 1202 akaenda vitani kupigana na mji wa Perugia. Wakashindwa, akafungwa karibu mwaka mzima, akatoka gerezani mgonjwa hasa. Kwao akalala kitandani muda mrefu.

Hapa tusipite haraka. Alipopata nguvu kidogo, alitoka nje na mkongojo kwenda kutazama mashamba na mizabibu aliyokuwa akiipenda. Haikumgusa hata kidogo. Yaani homa imeondoka, na furaha nayo imeondoka. Rafiki zake walimsubiri yule Fransisko wa zamani. Mwenyewe alijaribu kumrudisha, hata akaondoka tena kwenda vitani mwaka 1205, lakini alipofika Spoleto akaugua na kurudi.

Kwetu tunayaona haya. Mtoto anapata degedege la malaria kali, anapoteza fahamu, wodini wanampigania, Mungu anajalia anaruhusiwa. Wengi hupona kabisa. Ila wapo wanaobaki na kifafa, au ulimi mzito, au darasani hawashiki kama mwanzo. Na mtu mzima akitoka chumba cha wagonjwa mahututi anaweza kukaa miezi na miezi hana nguvu, halali, anasahau, anashtuka ovyo. Msimu wa mpunga ukifika tunamwambia aache kudeka, si alishapona? Jamani, maneno hayo yanaumiza.

Basi, Fransisko akaanza kuwahudumia wakoma, akapata ndugu, na mwaka 1209 Papa Inosenti III akawakubalia namna yao ya kuishi. Mwaka 1219 akafika Misri, akaonana na Sultani al-Kamil wakati vita vya msalaba vinaendelea. Akarudi macho yameharibika, pengine kwa trakoma, mwanga unamchoma, na homa zinakuja na kuondoka. Mwaka 1220 akaachia uongozi wa shirika alilolianzisha mwenyewe. Wengine wanasimulia miujiza yake tu; mimi hili ndilo linalonishangaza zaidi, maana alikubali wazi kwamba mwili hauwezi.

Mwaka 1225 alilala San Damiano zaidi ya siku hamsini gizani, panya wakimpita juu usiku, hawezi kutazama jua wala moto. Humo humo akatunga utenzi wa kumsifu Mungu kwa ajili ya jua, na moto, na viumbe vyote. Baadaye, Fonte Colombo, tabibu alimchoma kwa chuma cha moto kuanzia taya hadi kwenye nyusi. Ndugu waliokuwa naye walikimbia kwa kushindwa kutazama. Tiba ile haikusaidia.

Kuna jambo moja dogo la mwishoni. Mwili wake alizoea kuuita Ndugu Punda, na kwa miaka mingi aliuswaga kwa kufunga na kulala chini hata akiwa na homa. Ndugu mmoja akamuuliza kama mwili huo haukumtumikia vizuri. Fransisko akakiri kwamba ulimtii kila mara, akauomba msamaha, akakubali kufunikwa na kutunzwa.

Alifariki jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226, Porsiunkula, akiwa amelazwa juu ya udongo kama alivyoomba.