Enrico Mattei

Enrico Mattei (Acqualagna, 29 Aprili 1906 – Bascapè, 27 Oktoba 1962) alikuwa kiongozi wa viwanda na mwanasiasa wa Italia. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa Eni, shirika la taifa la mafuta na gesi, na kwa mikataba aliyofunga na nchi zinazoendelea zenye mafuta.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika mkoa wa Marche, akiwa mtoto wa askari. Aliacha shule mapema na kuajiriwa katika kiwanda cha ngozi mjini Matelica, ambako alipanda hadi kuwa mkurugenzi. Baadaye alihamia Milano na kuanzisha kiwanda chake cha kemikali. Wakati wa Vita vikuu vya pili vya dunia alijiunga na wapiganaji wa msituni waliopinga Ufashisti. Kuanzia 1948 hadi 1953 alikuwa mbunge.

Agip na Eni

Mwaka 1945 alikabidhiwa Agip, kampuni ya mafuta ya serikali, ili aifunge. Badala yake aliendeleza uchimbaji, na gesi ya bonde la mto Po ikawa nishati ya viwanda vya kaskazini. Mwaka 1953 iliundwa Eni, naye akawa rais wake wa kwanza.

Mikataba na nchi zenye mafuta

Uchumi wa Italia ulikuwa ukikua haraka, lakini nchi haikuwa na mafuta ya kutosha. Soko la dunia lilitawaliwa na makampuni saba makubwa ya Magharibi, ambayo kwa kawaida yaligawana faida nusu kwa nusu na nchi zenye visima.

Mwaka 1957 Mattei alikubaliana na Iran kwa masharti mengine. Serikali ya Iran ingechukua nusu ya faida kama kodi, na shirika lake la mafuta, likiwa mbia, lingepata nusu ya kiasi kilichobaki. Hivyo Iran ingepata asilimia 75. Mkataba huo ulipunguza nguvu ya makampuni saba, lakini pia uliipa Italia nafasi katika soko ambalo ilikuwa imefungiwa nje.

Mwaka 1960 alinunua mafuta ya Umoja wa Kisovyeti, jambo lililoikera Marekani. Aliunga mkono pia uhuru wa Algeria.

Kifo

Ndege yake ilianguka karibu na Milano ikitokea Sisilia. Rubani na mwandishi wa habari Mmarekani walikufa pamoja naye. Uchunguzi wa kwanza ulitaja ajali, lakini ule uliofunguliwa upya miaka ya 1990 mjini Pavia ulifikia hitimisho kwamba ndege iliharibiwa kwa mlipuko. Hakuna aliyehukumiwa kwa kuiangusha.

Urithi wake Afrika Mashariki

Baada ya kifo chake, Eni iliendelea na njia hiyo nchini Tanzania. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1966. Rhodesia ilipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilikosa njia yake ya mafuta ya kusini. Malori yalilazimika kupita barabara mbovu ya Tunduma, hadi kampuni tanzu ya Eni ilipokamilisha bomba la TAZAMA mwaka 1968. Bomba hilo lina urefu wa kilomita 1,710, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Mwaka 1974 Agip iligundua gesi ya Songo Songo.

Mwaka 2024 serikali ya Italia ilizindua mpango wake kwa ajili ya Afrika na kuupa jina la Mattei.