King Camp Gillette: baba wa wembe wa kutupa, na wamama waliosahauliwa

Kwenye soko la Kadutu huko Bukavu ao la Virunga huko Goma, mama anayeuza vitu vidogo vidogo hakosi pakiti ya nyembe pembeni ya sabuni na viberiti. Ni zile nyembe nyembamba zenye makali pande mbili na matundu katikati. Mtu anazinunua, anazitumia, kisha anazitupa. Wembe wa namna hiyo ulitoka kwa mwanaume mmoja wa Marekani aliyekufa kuna zaidi ya miaka 90: King Camp Gillette. Kwa muda mrefu sura yake yenye masharubu ilichapwa kwenye pakiti, na watu wa nchi nyingi wakaizoea hata kama hawakujua kusoma jina lake. Ndani ya maisha yake kuna pia habari ya wembe wa wanawake: namna gani ulizaliwa, na sababu gani wamama walikawia kupata chombo kilichofikiriwa kwa ajili yao.

Mtoto wa muji uliowaka

Gillette alizaliwa tarehe 5 Januari 1855 huko Fond du Lac, mu jimbo la Wisconsin. Baadaye jamaa yake ikahamia Chicago. Baba yake alikuwa na duka la vyombo vya chuma na alipenda kutengeneza-tengeneza vitu. Mama yake naye alikuwa mtu wa majaribio jikoni, na mu mwaka wa 1887 alitoa kitabu kikubwa cha mapishi kilichouzwa miaka mingi.

Mu mwaka wa 1871 moto mkubwa uliteketeza Chicago. Duka la baba likaisha majivu. Kijana King alikuwa na miaka 16 tu, na ikabidi ajitafutie maisha. Akawa mtembeza bidhaa: kupanda treni, kulala kwenye hoteli za bei ndogo, kubisha mlango kwa mlango. Alifanya kazi hiyo karibu miaka 30. Wakati ule wote alivumbua vitu vingine vidogo, lakini hakuna kilichomtajirisha.

Mmoja wa wakubwa wake wa kazi alikuwa William Painter, mtu aliyevumbua kile kifuniko cha chuma cha chupa kinachofunga bia na limonadi mpaka leo. Painter alimushauri atafute kitu ambacho mtu anatumia mara moja, anakitupa, kisha anarudi kununua kingine. Neno hilo likamukaa kichwani.

Asubuhi moja mbele ya kioo

Mu mwaka wa 1895, Gillette alikuwa anaishi Brookline, karibu na Boston. Asubuhi moja alisimama mbele ya kioo akitaka kunyoa ndevu, akakuta wembe wake umekufa makali. Wembe wa ile wakati ulikuwa kama kisu kirefu cha kukunja. Kila siku mtu aliusugua kwenye mkanda wa ngozi, na ukizeeka sana aliupeleka kwa fundi. Mkono ukiteleza, shingo inakatika.

Pale pale akaona jibu: makali hayahitaji chuma kinene. Kipande chembamba cha chuma, chenye makali pande mbili, kikibanwa juu ya mpini wenye kukinga ngozi, kinatosha. Kikiisha makali, kinatupwa. Akamwandikia bibi yake, aliyekuwa safarini mu jimbo la Ohio, kwamba sasa utajiri umefika.

Kumbe utajiri ulikuwa mbali. Watu waliosoma mambo ya chuma walimwambia haiwezekani, ju chuma chembamba namna ile kikikomazwa kwenye moto kinajikunja. Gillette hakuwa amesomea kazi hiyo, na yeye mwenyewe alikubali baadaye kwamba angekuwa amesoma angeacha mapema. Aliyefungua mlango ni enjenyeri William Nickerson, aliyebuni mashine za kukomaza na kunoa vipande vile. Kampuni ikaanzishwa Boston mu Septemba 1901.

Mu 1903, mwaka wa kwanza wa kuuza, walipata wanunuzi wa vyombo 51 na nyembe 168 tu. Mwaka uliofuata, vyombo 90.884 viliuzwa, na tarehe 15 Novemba 1904 serikali ya Marekani ikamupa Gillette hati ya uvumbuzi. Chombo kimoja kilikuwa dola 5, pesa nyingi kwa mfanyakazi wa ile wakati. Lakini faida ya kudumu ilikuwa kwenye nyembe. Mwenye kununua mpini mara moja alirudi dukani kila mara. Na mu vita ya kwanza ya dunia, serikali ya Marekani ikaagiza vyombo milioni 3 na nusu kwa ajili ya askari wake.

1915: zamu ya wamama

Mpaka hapo wanawake hawakuhesabiwa. Huko Marekani nguo zao zilifunika mwili toka shingo mpaka kifundo cha mguu, mikono yote ndani, na wengi wao hawakuwa na desturi ya kunyoa kwapa wala miguu. Karibu na 1915 mitindo ikabadilika: zikatokea nguo za jioni zisizo na mikono. Kampuni ikaona hapo nusu nyingine ya watu ambao bado hawakununua wembe.

Mwaka huo huo ikatoa wembe wa kwanza wa wanawake wenye jina lake, Milady Décolleté. Ulikuwa mdogo, umepakwa dhahabu, umelazwa ndani ya kisanduku kizuri kama cha kujitia. Bei ilikuwa ile ile, dola 5. Matangazo ya ile wakati yalikwepa kusema kunyoa, ju kunyoa kulihesabiwa kuwa kazi ya wanaume. Yalisema mambo ya ngozi laini. Pamoja na hayo yalimfundisha mwanamke kwamba nywele za kwapani ni aibu. Mama wa jana hakuwa na shida hiyo. Kesho yake akaambiwa anayo, na dawa yake iko dukani.

Ukiangalia vizuri, utaona tofauti. Wembe wa wanaume ulitoka kwenye shida ya mtu mwenyewe aliyesimama mbele ya kioo chake. Wembe wa wanawake ulitoka kwenye hesabu ya wauzaji. Walichukua chombo cha uso wa mwanaume, wakakipunguza, wakakipaka dhahabu. Lakini mwanamke ananyoa mahali pengine: nyuma ya mguu, gotini, kwapani, sehemu asizoziona vizuri, na mara nyingi mikono yake ina maji na sabuni.

Mu miaka ya 1920 sketi zikapanda, na miguu nayo ikaingia kwenye biashara. Vita ya pili ya dunia ikaongeza: nailoni ilitakiwa kwa miavuli ya askari, soksi ndefu zikakosekana, na wanawake wengi zaidi wakanyoa miguu. Lakini chombo kiliendelea kuwa kile cha wanaume kilichobadilishwa rangi. Mu 1992 ndipo kampuni ilitoa wembe uliobuniwa na mwanamke mfanyakazi wake, wenye mpini bapa na mpana usioteleza mu maji. Toka 1915, ni miaka 77.

Ndoto iliyobaki kwenye vitabu

Gillette mwenyewe hakuona siku hiyo. Na ile 1915, jina lake lilikuwa bado la mkubwa wa kampuni, lakini uongozi wa kila siku ulikuwa umeshaingia mikononi mwa wengine, kisha ugomvi na wenye mitaji. Moyo wake ulikuwa mahali pengine. Toka 1894 alikuwa ameandika kitabu akisema ushindani wa biashara ndio mzizi wa umaskini, na kwamba watu wote wamiliki kampuni moja na kuishi mu muji mmoja mkubwa karibu na maporomoko ya Niagara. Mu 1910 alitaka kumulipa Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, dola milioni moja ili aongoze kampuni ya namna hiyo. Roosevelt akakataa. Hivi njo mtu aliyechukia ushindani alitajirishwa nao.

Shida ya uchumi iliyoanza 1929 ikamumalizia sehemu kubwa ya mali. Akaacha cheo mu 1931, akafa huko California tarehe 9 Julai 1932.

Nyembe zake zinaendelea kuuzwa, Kadutu, Virunga na kwingine. Na neno lake la kutumia kisha kutupa lina faida ambayo kila nyumba inaweza kushika: kila mtu na wembe wake, baba, mama na vijana, ju wembe wa kuazimana unaweza kubeba damu yenye ukimwi ao ugonjwa wa maini.